Bei ya Mtu: Safari ya Vijana Sokoni na Ufukweni

  

Neno letu la leo lapatikana katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mahali pawili. Katika mlango wa 17 twamwona Mtume Paulo akiwa Athene, akizungumza sokoni kila siku na watu aliowakuta huko. Katika mlango wa 21 twamwona akiagana na Wakristo wa Tiro. Walimsindikiza mpaka nje ya mji pamoja na wake zao na watoto wao, wakapiga magoti ufukweni wakaomba, kisha yeye akapanda chomboni nao wakarudi makwao.

Soko na ufuko. Tumezichagua habari hizi mbili kwa sababu wakati wa likizo ya Agosti vijana 32 wa kanisa letu, pamoja nasi walezi wao watano, tulisafiri kutoka bara, penye baridi na majani ya chai, tukaenda Mombasa na kutoka huko tukafika Unguja. Kabla hatujaondoka, wazazi wengine walituuliza swali la haki. Walisema, "Mchungaji, watoto wetu wanakwenda kufanya nini huko pwani? Kuoga baharini na kununua kanga tu?" Walijua methali isemayo kwamba mtembezi hula miguu yake. Leo twataka kuwajibu wazazi hao, na kuwajibu ninyi nyote mlio na kijana nyumbani.

Tulipanda gari la moshi la asubuhi kutoka Nairobi, lile lililoanza kubeba abiria mwaka 2017, na mchana tukashuka Miritini. Joto lilitupokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Wengi wa vijana wetu walikuwa hawajaiona bahari hata siku moja. Jioni ile walipofika majini, wa kwanza kuonja akawapigia wenzake kelele ya kwamba ni chumvi kweli, kana kwamba miaka yote mwalimu wa jiografia alikuwa akiwadanganya.

Siku ya pili tuliingia mjini, tukaenda Marikiti, soko lile la zamani ambalo jengo lake lilijengwa mwaka 1914 na likaitwa kwa jina la Mackinnon. Ninyi mliofika huko mwalijua. Kuna iliki, mdalasini, pilipili manga, bizari na karafuu, kila kitu katika gunia lake, na harufu zake humfuata mtu mpaka nyumbani. Kijana wetu mmoja alikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja mtu mzima, muuza viungo, akamwambia, "Niaje mathe, hii ni ngapi?" Mama yule hakujibu. Aliendelea kupima bizari yake. Kijana akauliza mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Ndipo mama akainua macho, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, salamu kwanza, bei baadaye. Mimi si duka, mimi ni mtu."

Kijana aliona haya. Akasema, "Shikamoo, mama." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu. Haya, wataka nini?" Baada ya hapo wakazungumza kwa muda mrefu, na iliki akapata kwa bei nzuri kuliko sisi sote.

Tulipokuwa tukiondoka, mtu mmoja pale mlangoni alijitolea kututembeza mji mzima bila malipo. Vijana wakafurahi. Lakini mama yule alikuwa akisikia, akawaita, akawaambia neno ambalo twalikumbuka mpaka leo: "Wanangu, cha bure kina mwenyewe. Kabla hamjakipokea, muulizeni mwenyewe ataka nini." Mama huyu ni Mwislamu, naye alitupa hekima yake kama mzazi awapavyo watoto wake. Twamwombea heri.

Siku ya tatu tulikwenda ufukweni Bamburi, katika ule ufuo wa umma unaoitwa kwa jina la Mzee Jomo Kenyatta. Kulikuwa na ngamia wa kupandwa, wapiga picha, wauza madafu, viazi karai na mabuyu, na watoto wakielea juu ya mipira ya magari. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, vijana wetu waliokota takataka zilizoletwa na maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kwetu mwaka 2017, lakini chupa na ndara zilizokatika zilijaza magunia kadhaa. Tukawaeleza habari za dau lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa na kupambwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Wenyewe waliliita Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Kitu ambacho watu walikiona hakina bei, mafundi wa Lamu walikitazama tena, na kikawa chombo cha kuvukia bahari.

Sasa, wasikilizaji wapenzi, tusikilizeni kwa makini.

Alasiri ya siku ile ile, binti mmoja wa kundi letu, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa ameketi kivulini peke yake. Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri na mwenye maneno matamu alikuja akaketi karibu naye. Alimwuliza habari za kwao, habari za masomo yake, na kama amepata kazi. Kisha akamwambia kwamba kuna nafasi ya kazi hotelini katika nchi ya ng'ambo, mshahara ni mkubwa, nauli italipwa, pasipoti itatengenezwa, yeye hatatoa hata senti moja. Alichotakiwa kutoa ni kitambulisho chake na picha, na safari ni juma lijalo. Mwisho akamwambia, "Lakini usiwaambie wenzako, maana nafasi ni moja tu, watakuonea wivu."

Binti huyu ni mtoto wa kwanza kati ya watoto sita. Baba yake alifariki. Alikuwa amekaa nyumbani karibu miaka miwili bila kazi na bila karo ya chuo. Nani kati yetu angemlaumu kama angelitoa kitambulisho chake? Yeye mwenyewe alituambia baadaye kwamba mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni. Ndipo akakumbuka maneno ya muuza viungo. Akamwuliza yule mwanamke, "Na wewe wapata nini?" Mwanamke akacheka, akasema atapata thawabu kwa Mungu. Binti akainuka akaja kwetu.

Tulimwendea yule mwanamke kwa heshima. Tukamsalimu, tukamwuliza ofisi yake iko wapi, na kama ana leseni ya kuwapeleka watu kazini nchi za nje. Alituambia atarudi kesho yake na karatasi zote. Hakurudi. Tukaenda kituo cha polisi tukaandikisha habari hiyo.

Kesho yake tulikwenda Kengeleni, upande wa bara wa kisiwa cha Mombasa, mahali palipoitwa Frere Town. Mji ule ulianzishwa na wamishenari wa Kanisa letu karibu na mwaka 1875, uwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kengele ingaliko mpaka leo, nayo ndiyo iliyopapa mahali hapo jina lake. Zamani zile, wafanya biashara ya watumwa walipoonekana wakikaribia, ilipigwa ili watu wakimbilie usalama. Na watu waliookolewa utumwani hawakukaa tu wakihurumiwa. William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliookolewa na kusomeshwa huko Bara Hindi, walipewa daraja la ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Watu ambao zamani walitiwa bei walisimama madhabahuni wakamtumikia Mungu.

Vijana walisimama pale penye kengele, magari yakipita pande zote, nao hawakuwa na mzaha. Kila mmoja alikuwa amekwisha kusikia habari ya yule mwanamke wa ufukweni.

Kutoka Mombasa tulipanda basi, tukavuka mpaka Lunga Lunga, tukapita Tanga, tukalala Dar es Salaam, na asubuhi tukavuka kwa boti mpaka Unguja. Huko tulitembelea Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwezi wa Juni mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, ndiye aliyelisimamia jengo hilo, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa humo nyuma ya madhabahu. Wenyeji hueleza kwamba madhabahu yamewekwa pale pale uliposimama mti ambao watumwa walifungwa wakapigwa. Nje ya kanisa kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, na shingoni mwao kuna minyororo.

Karibu na hapo pana soko la Darajani, penye samaki, ndizi na viungo. Kijana yule aliyenunua iliki Mombasa alishika karafuu mkononi akauliza kwa nini Unguja na Pemba ziliitwa visiwa vya karafuu. Tulimweleza ukweli. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya karafuu yalipandwa na kuchumwa na watumwa, na wengi wa watu hao walipita katika soko lile lile tulilotoka kuliona. Na soko lilipofungwa, utumwa wenyewe haukwisha siku ile. Kisheria uliondolewa Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907. Mlango wa soko ulifungwa siku moja, lakini mioyo ya watu ilichukua miaka mingine zaidi ya 30.

Jioni tuliketi mchangani, maji yakiwa yamekupwa, tukafanya ibada fupi. Tulipouliza kama kuna mwenye ombi, yule binti wa Mombasa ndiye aliyesema. Hakuomba juu ya nafsi yake. Aliomba tumkumbuke rafiki yake waliyesoma naye, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Miezi ya kwanza alikuwa akipiga simu. Sasa ilikuwa miezi minne hajasikika. Tulipouliza kama mchungaji wake ana habari, alituambia, "Mama yake hataki watu wajue. Alimwaga kwa sherehe, sasa anaona aibu."

Basi tukapiga magoti mchangani, kama watu wa Tiro walivyofanya, tukamwombea msichana yule kwa jina lake. Vijana wengine walilia.

Wasikilizaji wapenzi, hatusemi kwamba kila anayekwenda nchi za nje kutafuta kazi anapotea. La, sivyo. Wako wengi waliokwenda kwa njia halali, wakapata waajiri wema, wakajenga nyumba na kuwasomesha wadogo zao. Kazi ni baraka, na safari si dhambi. Ibrahimu alisafiri, Ruthu alisafiri, na Paulo alisafiri mpaka mwisho wa maisha yake. Tunachosema ni kwamba biashara ya watu haikuzikwa pamoja na lile soko la Mkunazini. Imebadilisha mavazi. Siku hizi haiji na mnyororo, yaja na tabasamu na tiketi ya ndege.

Twawezaje basi kuutambua mwito mwema na mwito mbaya? Turudi ufukweni tumtazame Bwana Yesu, kwa maana yeye naye aliwaita vijana penye maji. Someni Injili ya Mathayo, mlango wa 4. Alipowaita Yakobo na Yohana, walikuwa ndani ya chombo pamoja na Zebedayo baba yao, wakizitengeneza nyavu. Baba yao alikuwapo. Aliuona uso wa aliyewaita wanawe na akasikia sauti yake. Yesu hakungoja mpaka baba ageuke. Hakuwaambia wasimwambie mtu. Mwito wa kweli hauogopi baba asikie. Lakini mtu akikwambia, "Usiwaambie wenzako," amekwisha kukuonyesha yeye ni nani.

Tazameni tena Yohana mlango wa 21. Baada ya kufufuka, Bwana alisimama ufukweni alfajiri. Aliwasha moto wa makaa, akaweka samaki na mkate, akawalisha wanafunzi wake waliochoka. Hicho nacho kilikuwa chakula cha bure. Lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kulipa, na alama za malipo zilikuwa katika mikono yake. Yule wa ufukweni Mombasa atoa bure ili baadaye akuchukue wewe. Bwana wetu alijitoa mwenyewe kwanza, ili uwe huru. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, na Bwana wetu akauzwa na rafiki yake kwa vipande 30. Kwa hiyo aijua bei hiyo. Amekaa upande wa waliouzwa.

Sasa twasema na ninyi wazazi. Mtoto akipata nafasi ya kazi nchi za nje, msimwambie kwa hasira kwamba haendi, na msimpeleke kwa furaha bila kuuliza. Ulizeni. Wakala awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na habari hiyo yaweza kuhakikishwa kwao. Mkataba uwe wa maandishi, usomwe na kueleweka kabla ya kutiwa sahihi, na nakala yake ibaki nyumbani pamoja na nakala ya pasipoti. Jina la mwajiri na mji atakaokaa vijulikane, kwa maana katika nchi kadhaa za huko kibali cha mfanyakazi wa nyumbani hutegemea mwajiri aliyemdhamini. Sheria yetu ya mwaka 2010 yakataza usafirishaji wa watu kwa hila, hata kama mtu mwenyewe alikubali kwa kudanganywa. Na kama ni mtoto aliye hatarini, piga simu nambari 116, ambayo haina malipo.

Na ninyi mlio na mtoto aliyenyamaza huko ng'ambo, twawasihi msifiche. Tuliporudi bara tulikwenda kumwona mama wa yule msichana. Alipotuona mlangoni alidhani tumeleta habari za msiba, akashika ukuta. Tulipomweleza kwamba tumekuja kuomba pamoja naye tu, alilia kwa muda, kisha akatuletea karatasi zote alizokuwa amezifungia sandukuni. Katika karatasi hizo lilikuwamo jina la wakala na mji. Tumezipeleka panapohusika. Siku ya leo bado hatujapata jibu, nasi hatutawadanganya kwa kusema tumelipata. Lakini mama yule hayuko peke yake tena. Akina mama wa kanisa humtembelea kila juma, na jina la binti yake latajwa kila Jumapili katika maombi.

Nasi tulio kanisani tuna wajibu. Ikiwa mama aona afadhali kulia peke yake kuliko kutuambia, basi huenda salamu zetu zimekuwa kama zile za kijana wetu pale Marikiti, za kuuliza bei bila kumtazama mtu. Twauliza, "Mwanao atuma pesa ngapi? Amejenga?" Tujifunze kuuliza kwanza, "Mwanao hajambo? Umemsikia lini?"

Hilo ndilo jibu letu kwa wazazi waliouliza vijana wanakwenda kufanya nini pwani. Walikwenda kuoga baharini, ndiyo, na kanga walinunua. Lakini pia waliona mahali watu walipotiwa bei, wakaona kengele iliyowaonya watu wakapona. Sasa vijana 32 wamerudi vijijini kwao, na mtu akija na maneno matamu watajua kumwuliza ataka nini. Yule binti ameanza kufundisha vijana wa makanisa ya jirani jambo hilo hilo, huku akiendelea kutafuta karo. Mwombeeni apate.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyewaumba watu wote kwa mfano wako, twawaleta kwako vijana wetu walio mbali na nyumbani leo. Walio salama, uwalinde. Waliofungiwa milango, uwafungulie. Walionyamaza, utupe sisi masikio ya kuwasikia. Uwape wazazi hekima, na wenye kutawala haki, na kanisa lako ujasiri wa kuonya kabla ya hatari kufika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.